Picha Iliyomfikia Mkwe

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya kwenda dukani. Herufi zangu zinalala upande, na penye r huanza kuandika l ndipo nirekebishe, maana ulimi wa kwetu hauzitofautishi na mkono umefuata ulimi. Tena naandika polepole. Ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi nzima. Lakini jambo hili kwa mdomo siwezi kulisema, naona haya, na kwa simu nimeapa sitalisema.

Tunaishi Chapwa, hapa Tunduma, mimi na mama. Baba alishafariki. Dada yangu mkubwa ameolewa Vwawa. Zamani tulikuwa kijijini huko Momba, na mama alikuwa mwembamba. Alilima mahindi na ulezi, alifuata maji mbali, na chai ya sukari tuliinywa Krismasi. Tulipohamia mjini akapata meza ya kapenta sokoni, wale dagaa wadogo wanaotoka upande wa Zambia, na kigoda cha kukalia. Alikaa kwenye kigoda hicho kuanzia asubuhi mpaka jioni, mkono mmoja unafukuza inzi, mwingine umeshika simu. Mchana alikula chipsi na soda kwa sababu ndicho walichokula wenzake. Siku moja alibeba ugali na maharage kwenye bakuli, wakamcheka wakamwita mama wa shamba. Hakubeba tena.

Akanenepa. Watu wakamsifu kwamba mji umempenda. Kisha akaanza kunywa maji kama mtu aliyelamba chumvi, na kwenda chooni kila mara. Tulisema ni joto. Tunduma ina baridi ya kuvaa sweta mbili, lakini tulisema ni joto.

Halafu likamtoka jipu kwenye paja la kulia, juu ya goti. Alilikamua mwenyewe kwa kucha, akapaka mafuta ya mgando, akaenda sokoni. Jipu halikufunga. Lilipasuka, likapanuka, mpaka pakawa na shimo la kuingia kizibo cha soda. Ndipo tulipokwenda zahanati, akatobolewa kidole, tukaambiwa ana kisukari.

Nesi aliyempokea alikuwa mama mtu mzima, mkali kidogo, lakini anaeleza vizuri. Alinifundisha kuchemsha maji, kuyapoza, kuosha kidonda na kubandika shashi safi. Mama alitakiwa aende kila siku. Alienda siku tatu. Siku ya nne kupanda bodaboda kulimliza, na mama yangu si mtu wa kulia.

"Binti, una simu ya kupapasa?" nesi aliniuliza nilipompigia.

"Ninayo."

"Basi kila baada ya siku mbili nipigie picha ya kidonda, unitumie. Nikiona rangi imebadilika nitawaita, na nikiwaita mje, msinipe hadithi."

Hakukosea. Angekuwa mtu mwingine angesema kama hamji shauri yenu. Mimi ndiye niliyelipenda jambo hilo kwa sababu mbaya. Kile kidonda kilinitia kinyaa. Nasema ukweli, maana sioni faida ya kuandika polepole hivi halafu nidanganye. Kilikuwa na ukingo mweusi na katikati kitu cha njano kama uji uliochacha, na harufu yake ilinifuata mpaka kwenye sahani yangu. Nilipokiangalia kwa macho, mate yalinijaa mdomoni. Lakini nikishika simu na kukiangalia kwenye kioo, kilikuwa kidogo na hakinuki. Nikawa natazama kioo badala ya mguu. Nikawa naosha haraka ili nifike kwenye picha. Mama alidhani nina bidii.

Sasa lazima nieleze kuhusu mkwe, maana msomaji wa mbali anaweza asielewe.

Kwetu mama na mume wa binti yake hawaonani. Hawana ugomvi, ni heshima. Shemeji yangu akija kwetu, mama huingia chumba cha ndani. Shemeji huchuchumaa sebuleni, anapiga makofi taratibu, anasalimia ukuta. Mama naye anapiga makofi upande wa pili, anaitikia, anauliza habari za mvua na za watoto. Wakikutana njiani kila mmoja anashika upande wake na kutazama majani. Wanapendana sana, lakini kwa ukuta. Kwenye simu shemeji hakuwahi kumpigia mama hata siku moja. Alipiga kwangu: "Mwambie mama namsalimia. Mwambie mbegu alizoomba nimepata."

Na kwenye kundi la ukoo la simu walikuwemo wote wawili. Kundi hilo lilifunguliwa babu alipofariki. Kwenye misiba yetu wakwe ndio wanaochimba kaburi na kupasua kuni, kwa hiyo mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye admini, aliwaingiza wakwe wote ili wajue nani aje na jembe na nani aje na shoka. Msiba ukaisha. Hakuna aliyekumbuka kuwatoa. Basi humo ndani watu karibu arobaini walirushiana vichekesho, salamu za Jumapili na mahubiri, na wawili hawakuwahi kuandika neno: mama na mkwe wake. Hata kule waliachiana njia.

Jumapili moja baada ya ibada akaja mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, ameolewa ng'ambo, Nakonde, ana sauti ya kuitia watu sokoni, na kila mtu humwita mukwai, neno la heshima la huko.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mukwai. Mgonjwa yuko wapi? Nyumba inanuka kama bucha lililokatiwa umeme!"

"Hilo ni paja la dada yako," mama akajibu kutoka kitandani, anacheka. "Usilitukane, umelikalia sana ulipokuwa mtoto."

Walicheka, wakasali, mama akapitiwa na usingizi. Mama mdogo akanifuata uani nilipokuwa nafua matambaa ya kidonda.

"Nimeambiwa unampigia picha. Hebu nione."

Nilifuta mikono nikampa simu. Alitazama, akatoa ulimi, akaguna.

"Mh! Mh! Na ndugu hawajui?"

"Nesi anajua."

"Nesi ni ndugu yako? Ninyi mnakaa mjini na aibu za kijijini. Siku hizi watu wanasaidiana kwa simu."

Nikaona kidole chake kinatembea. Alikuwa anaituma ile picha kwenye simu yake mwenyewe. Nilijua anakoipeleka. Maneno yalikuwa tayari kabisa kichwani: mama mdogo, mkwe yumo.

"Mama mdogo," nikasema.

"Nini?"

"Hakuna."

Hilo "hakuna" ndilo linalonichukiza kuliko usaha wote niliouosha. Tangu shuleni nilikuwa hivyo, mwalimu akiuliza najua jibu na nanyamaza. Lakini shuleni hakuna mtu aliyeoza kwa ukimya wangu.

Aliondoka akavuka mpaka. Nikiwa nasugua sufuria, simu ikalia. Picha ilikuwa kwenye kundi, na chini yake sauti ya mama mdogo inalia: tumwombee dada yetu, mguu unaoza, jamani. Paja lote la mama, kuanzia goti kwenda juu, na kitenge chake cha bluu chenye ndege wa njano kimepandishwa, na kidole gumba changu kinakishikilia.

Nilimpigia mama mdogo. Haipatikani. Kumbe simu ilikuwa imeisha chaji, na kwao umeme ulikatika mpaka Jumatatu jioni.

Kwenye kundi wakaanza. Viganja vya kusali, safu kwa safu. Nyuso zinazolia. Mmoja akakosea akaweka uso unaocheka, akaomba radhi, watu wakamcheka yeye, ikawa kicheko juu ya kidonda cha mama yangu. Mmoja alisema apakwe dawa ya meno. Mwingine unga wa betri. Mwingine alisema amesikia kwa mtu wa kuaminika kwamba mgonjwa wa sukari aache vidonge vya hospitali anywe mkojo wake wa alfajiri siku saba, na wawili wakaitikia amina. Amina! Kisha mtu akatuma video ya mbuzi anayecheza muziki, na picha ya mama ikasogea juu, ikawa kama imepita.

Nikaanza kuandika. "Tafadhali naomba picha ifutwe kuna mkwe humu." Mtaona ni maneno machache. Kwangu si machache. Nilifika kwenye "ifutwe" mjomba akaweka sauti yake ndefu ya kupanga siku ya maombi. Nikangoja imalizike. Nikarekebisha herufi. Wakati nataka kutuma, chini ya mbuzi ukatokea mstari mdogo wa kijivu. Jina la shemeji yangu, na neno: ametoka.

Nikafuta nilichoandika.

Mama alipoamka akaomba simu yake asikilize sauti. Hasomi haraka, lakini anasoma. Alipofika kwenye picha kidole kikasimama. Akashuka taratibu kwa kidole, akapita mbuzi, akafika kwenye ule mstari.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Ametoka."

"Nani?"

Alikuwa ameshasoma. Alitaka nimtaje, nami sikumtaja. Aliweka simu chini, akavuta kitenge mpaka kwenye vidole vya miguu, akageukia ukutani.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekiona kidonda. Nikija na maji ya uvuguvugu ananiambia, "Weka hapo." Nikirudi maji yamepoa vilevile. Nikisema mama, shashi ina siku tatu, ananijibu, "Wewe na simu yako msinisogelee." Niliiacha simu yangu kwa jirani, nikamwonyesha mikono mitupu. Haikusaidia. Nesi alipopiga kwa jirani kuuliza picha ziko wapi, nikamwambia mama amekataa. Akasema tumlete haraka, mguu wa mtu wa sukari hausubiri mtu apunguze hasira, na akichelewa watakata.

Nikampelekea mama maneno hayo.

"Na yeye nesi ana simu," mama akasema. "Wakate. Halafu waupige picha huo mguu, wautume peke yake."

Siku ya sita harufu ilitoka nje ya mlango. Inzi walikaa juu ya kitenge wakijua wanachokitafuta. Mama alikuwa anatetemeka kwa homa na bado ameshika ukingo wa kitenge kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango. Nilitapika uani, nikarudi, nikakaa.

Mjomba alipoelezwa alipiga simu kwa jirani akaomba aniongeleshe. Alikuwa na jibu. Kwa mila, mkwe akimwona mama mkwe hata kwa bahati mbaya, lazima alete nguo ya kumfunika na kuku, ndipo heshima inarudi.

"Lakini siku hizi tunarahisisha," mjomba akasema. "Nimemwambia atume hela ya nguo na kuku kwenye simu ya mama yako. Ameshatuma. Yameisha hayo, mpeleke hospitali."

Niliwasha simu ya mama. Kweli ujumbe uliingia. Nikamsomea. Mama aliinua kichwa kwa shida.

"Nijifunike nayo wapi hiyo? Mjomba wako ana akili? Irudishe."

Nikairudisha. Ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa anakasirika tu. Alikuwa uchi. Kwa watu karibu arobaini alikuwa mgonjwa, lakini kwa mmoja alikuwa uchi, na mtu aliye uchi hatoki nje kwenda popote, hata kama nyumba inaungua. Kilichohitajika ni nguo. Na dada yangu hangeweza kuileta, maana yeye na mumewe wanahesabiwa mtu mmoja, na nguo hiyo hupita kwa mtu wa kati.

Nilimwacha mama na jirani, nikaenda Vwawa asubuhi hiyo hiyo. Shemeji ni fundi wa pikipiki, ana kibanda karibu na barabara kuu. Siku zote akiniona hunitania, kama shemeji wote.

"Ee! Mke wangu mdogo!" akaita, mikono imejaa grisi. "Leo umepotea njia au umekuja kuhamia?"

Vijana wake wakacheka. Kwa kawaida hapo mimi hutazama viatu vyangu. Nikatazama viatu vyangu.

"Shemeji, mama anaoza," nikasema.

Kicheko kikakatika. Alichukua tambaa akaanza kufuta mikono, akafuta muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Sikuangalia," akasema. "Simu ilifunguka yenyewe, ikaja mbele ya macho. Nikaigeuza chini. Nikatoka kwenye kundi ili mama ajue nimegeuka."

"Huko kutoka ndiko kulikomwambia kwamba umeona."

Alikaa juu ya tairi. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu na alionekana kama aliyechapwa.

"Sasa ningefanyaje? Nibaki humo, na picha ipo?"

Njiani mtu anatazama majani. Kwenye simu hakuna majani.

Nilimweleza kuhusu hela. Akasema alijua si sawa, lakini mjomba ni mkubwa, angembishia vipi. Tukaenda sokoni. Hakutaka kuchagua rangi. Alimwambia muuzaji atoe kitenge kipana kuliko vyote alivyonavyo, kisha akakikunja mwenyewe, akakifunga kwa gazeti na kamba. Kuku alimnunua mweupe. Akanikabidhi akiwa amechuchumaa, hapo hapo katikati ya soko, watu wanatupita na mizigo ya viazi. Nilirudi Tunduma kuku yuko mapajani. Alininyea sketi. Ajabu, hicho sikukionea kinyaa.

Mama alikuwa amefumba macho. Niliweka kifurushi kifuani pake na kuku sakafuni.

"Ameleta?"

"Ameleta. Amechuchumaa."

Alipapasa gazeti mpaka akapata kamba, akaifungua mwenyewe, sikuruhusiwa. Alipiga makofi mawili matatu, hayakusikika vizuri. Akasema nimfunike. Nilimfunika kitenge kipya juu ya kile cha zamani.

"Haya," akasema. "Ita gari."

Hospitali waliosha kidonda wakakata nyama iliyokufa, siku ya kwanza na tena siku ya nne. Mguu haukukatwa. Daktari alisema siku mbili zaidi zingeuchukua. Lakini walitoa nyama nyingi karibu na goti, na goti halikunji sawasawa tena. Sasa mama hawezi kuchuchumaa. Akikutana na mkubwa wake anasimama wima anapiga makofi, na wasiojua wanasema mjini kumempa majivuno.

Mama mdogo alikuja wodini, safari hii bila sauti. Alisema alidhani anasaidia. Mama akamwambia, "Najua. Kaa chini, umenizibia dirisha." Wameshapatana. Picha mama mdogo aliifuta Jumatatu ile ile umeme uliporudi, na mimi nilidhani imekwisha.

Haikwisha. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nasukwa nywele, na msusi ananionyesha tangazo la dawa ya vidonda alilotumiwa, anauliza kama mama angependa kujaribu. Upande mmoja kidonda, upande wa pili mguu mzuri wa mtu mwingine, umepona. Kitenge cha bluu, ndege wa njano, kidole gumba changu. Mtu nisiyemjua anauza unga wake kwa paja la mama yangu. Msusi akasema, "Angalia watu wanavyooza, jamani," akaendelea kusuka. Nilikaa mpaka amalize, kwa sababu nilikuwa nusu kichwa.

Mama sijamwambia. Lakini sokoni, mtu akitabasamu peke yake huku anatazama simu, mama husimama ghafla na kuvuta kitenge chini, na mteja anaondoka bila kununua. Sukari yake hupanda siku hizo, napima mwenyewe naiona. Ananiuliza, "Ile kitu haipo tena, eti?" Namjibu haipo, na sijui kama nasema kweli.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Kama imewahi kuwafikia picha ya kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, chenye kidole gumba pembeni, ifuteni, hata kama dawa inayotangazwa mmeipenda. Msimtumie mtu kumuuliza kama ndiyo yenyewe. Kisha mniandikie kwa karatasi, mstari mmoja unatosha, kwamba ilikuwepo na mmeifuta. Mwandiko mbaya si kitu. Nitamsomea mama, moja baada ya nyingine, na nitajibu kila barua, ila mnivumilie, nitachelewa.